Pikapu Kubwa Kwenye Kichochoro cha Msikiti

Jamani, mnaotaka kucheka chekeni sasa hivi mmalize, maana nikishaanza kuhadithia sitaki mtu wa kunikatiza. Aibu niliyoipata siku ile haijanitoka mwilini mpaka leo. Nikipita Msambweni watu wananisalimia vizuri kabisa, "Shikamoo Mzee Mbwana," nami naitikia marahaba, kisha nikishawapa mgongo tu nasikia mmoja anatoa mlio wa honi kwa mdomo. Piii! Tena watu wazima, wengine wana wajukuu, hawana haya hata kidogo.

Mimi kazi yangu ni kupeleka madafu na maboga kwenye hoteli za Diani, na miaka yote nilikuwa nabebea kwenye tuktuk ya mizigo, mvua yangu, jua langu, mpaka mwaka huu nikasema basi, nanunua pikapu. Nikaenda Ukunda kwenye yadi moja pamoja na shemeji yangu Bakari, kaka yake mke wangu (mrefu huyo, kwangu haingii mlangoni bila kuinama, na mimi Mungu hakunijalia urefu, nikisimama naye namfika kwapani, likumbukeni hilo). Pale yadini palikuwa na pikapu mbili za bei zinazokaribiana. Moja ilikuwa ya wastani, nyeupe, ilitoka kwenye hoteli iliyobadilisha magari yake, haina makuu. Ya pili ilikuwa nyeusi, kubwa, ya mzungu mmoja aliyerudi kwao, ile aina kubwa kabisa ya huko Marekani, usukani wake umehamishwa kulia na mafundi, na boneti lake limepanda juu hata nikisimama mbele yake naona taa tu.

Fundi wa pale, kijana wa bara, aliniambia ukweli mapema, na hili namshuhudia. "Mzee wangu, chukua hii ya saizi ya kati. Madafu yako yote yataingia na nafasi itabaki. Hiyo kubwa ni shoo tu, inakunywa mafuta vibaya, na huko kwenu ndani ndani utapitia wapi?"

Nikamwangalia kama aliyenitukania mama. Maana mimi nilikuwa na sababu zangu, na sababu yenyewe ilikuwa na jina, Mzee Mwinyihaji wa Matuga. Huyu ndiye aliyekuja kumposea mwanawe Hamadi kwa binti yangu Mwanatumu, na alikuja na pikapu ya wastani, nyeupe, imeoshwa mpaka matairi, akaileta mpaka mlangoni kwangu, akashuka polepole huku anajipangusa kanzu ambayo wala haikuwa na vumbi. Majirani wote nje. "Tumu amepata," wanasema. Na mke wangu, niliyekula naye shida na raha, usiku huo hakuzungumzia posa wala mahari, alizungumzia viti vya ile gari! Nikameza mate machungu. Nikajiapia kwamba siku ya nikaha mtu huyo ataona gari, si kigari.

Lakini msinione mjinga kabisa, fundi aliponiuliza nitapitia wapi lile neno liliniingia. Kutoka barabarani mpaka kwangu ni kichochoro kimoja, upande huu ukuta wa msikiti, upande wa kibla, na upande ule nyumba ya Bi Mwanamkasi na baraza yake ya mawe, aliyoijenga marehemu mumewe bila kumwuliza mtu. Basi nikamwambia Bakari, "Hebu pima upana wa hii kubwa, mimi nazungumza bei." Bakari akatanua mikono mbele ya boneti, akasogea, akamalizia kwa kiganja. "Pima moja na shubiri moja," akasema.

Kesho yake baada ya swala ya alfajiri, watu wakiwa wameshatawanyika, nikaenda pale kichochoroni panapobana zaidi, nikatanua mikono yangu, kidole kikagusa ukuta wa msikiti, kingine kikaishia hewani, nikamalizia kwa shubiri mpaka kwenye baraza. Pima moja na shubiri mbili. Nikarudia, nikapata vilevile. Shubiri nzima inabaki! Nikaenda Ukunda kifua mbele nikailipia ile kubwa, na yule fundi nikamwambia, "Sisi watu wa pwani tunajua kupima." Kijana wa watu akaendelea kufunga nati.

Jioni moja kabla ya harusi Tumu alinifuata uani, mikono imejaa hina ameiinua juu kama anayeomba dua. Akaniambia, "Baba, siku hizi kina baba wengi wanampa sheikh uwakili, wanakaa pembeni. Mimi nataka uniozeshe wewe mwenyewe. Nitakuwa ndani nasikiliza spika, nataka nisikie sauti yako." Kwetu nikaha ikifungwa msikitini spika za nje hufunguliwa, ili bibi harusi na wanawake walio nyumbani wasikie neno linapotimia na vigelegele vipigwe. Hilo ndilo ombi lake, hakuomba dhahabu, hakuomba kitu kingine. Nikamwambia, "Mwanangu, utaisikia." Wallahi, ningejua!

Pikapu ilikaa kwa fundi ikibadilishwa matairi mpaka siku yenyewe, Ijumaa, nikaha iwe baada ya alasiri. Nilitakiwa niichukue asubuhi, nipitie kwa seremala hapo hapo Ukunda nipakie vyombo vya bibi harusi, kitanda, kabati la milango mitatu na meza ya kioo, nivilete nyumbani wanawake wavione kabla havijapelekwa kwa mume. Seremala huyo (simtaji jina, lakini anajijua) akaniambia vanishi haijakauka, nikangoja. Saa sita haijakauka. Nikaswali Ijumaa huko huko, nikarudi, haijakauka! Tukapakia hivyo hivyo, kabati likasimamishwa nyuma ya kioo cha dereva, godoro juu, mimi nimevaa kanzu na kofia yangu mpya nanuka vanishi. Alasiri ikanikuta Gazi, nikaswali mbio mbio, Mungu anisamehe.

Nilipofika kwenye mdomo wa kichochoro jirani yangu Salimu akanijia mbio. "Mbwana, iache gari hapa hapa barabarani uingie msikitini, sheikh ameshakaa, unangojwa wewe tu. Vyombo sisi tutavibeba kwa mkono."

Hapo ndipo, jamani. Hapo ndipo ningeshuka na leo ningekuwa mtu mwenye heshima zake. Lakini macho yangu yaliangukia ile pikapu nyeupe ya Mzee Mwinyihaji, imeegeshwa uwanjani, imeoshwa tena mpaka matairi, na mimi nimetoka Ukunda kote huko na gari hili halafu niliache barabarani asilione mtu? Nikasema, "Toka njiani, Salimu. Nimepima."

Nikakunja vioo vyake vya pembeni, nikaingia. Mdomo wa kichochoro ni mpana, likaingia raha mstarehe, nami natabasamu peke yangu. Hatua kama ishirini hivi nikasikia krrrr upande wa kushoto. Nikadhani ni tawi, nikaongeza mafuta. Likasogea, likalia tena, sasa pande zote mbili, likasimama. Nikarudi nyuma kwa nguvu, gurudumu la nyuma likapanda daraja ya baraza ya Bi Mwanamkasi, gari likainama upande mmoja likajikaza ukutani, halitaki mbele, halitaki nyuma. Nikafungua mlango wangu, ukagonga ukuta wa msikiti hata kidole hakipiti. Nikajaribu wa pili, ukagonga baraza, na dirisha lake tumbo langu halipiti. Nyuma kioo kimezibwa na kabati. Mbele kioo kizima. Nimefungiwa ndani ya gari langu mwenyewe, na kanzu!

Hasira ikanipanda mpaka masikio yakaziba. Nikateremsha kioo cha dirisha nipate hewa, na pale nje ya dirisha langu, karibu mno, palikuwa na dirisha la msikiti, lile la nondo lililo kando ya mihrabu, mabawa yake yamefunguliwa. Sikutazama ndani. Mimi nilikuwa namtafuta wa kumlaumu, nikaanza.

"Huyu Bakari kipofu! Mrefu wa bure! Na huyu seremala na vanishi yake! Na hii baraza, mtu anajenga baraza njiani kama barabara ni ya babake!" Nikapumua, nikaona bado haijaniishia. "Lakini aliyeniponza ni Mwinyihaji! Anakuja kuposa na kijigari cha kubebea kuku, anashuka kama gavana! Binti yangu nawapa watu hawa kwa nini? Kwa sababu ya kijigari cha kuku? Mimi nimenunua gari la wanaume, na leo limeniua kwa sababu yake!"

Nilikuwa nasikia mtu mwingine huko juu anarudia maneno yangu kwa sauti nzito, nikazidi kukasirika, nikasema, "Na wewe unayeniiga huko juu, mwanaharamu, ngoja nishuke!" Na ile sauti ya juu nayo ikasema, ngoja nishuke.

Kisha kikatoka kikohozi kidogo dirishani, nikageuka, nikamwona sheikh amekaa pale umbali wa mkono, mbele yake kipaza sauti kimewekwa juu ya kizingiti cha dirisha (waya wake mfupi na soketi iko hapo, msikiti wetu ndivyo ulivyo), kimewashwa tayari kwa nikaha. Nyuma yake safu za watu, wote wananitazama. Safu ya kwanza, Mzee Mwinyihaji, kanzu nyeupe pee, mikono magotini, na mwanawe Hamadi kando yake ameinamisha kichwa.

"Bwana Mbwana," sheikh akasema taratibu, "spika ziko wazi."

Nawaulizeni, ninyi mngefanya nini? Ningekuwa na mlango ningekimbia mpaka Mackinnon Road. Sikuwa na mlango. Jasho lilinitoka hadi kofia ikateleza. Sheikh, mtu mzuri yule, akakifunika kipaza sauti kwa kiganja akaniambia, "Mimi nina nikaha nyingine Shimoni kabla ya magharibi, siwezi kungoja utolewe humo. Nipe uwakili nimwozeshe mimi, yaishe."

Na mimi, kwa ile aibu, neno la ndiyo lilikuwa limeshafika ulimini. Kisha nikamkumbuka Tumu na mikono yake ya hina juu. Yuko ndani ameketi, wanawake wamemzunguka, na alichokisikia mpaka hapo cha baba yake ni kuku na mwanaharamu. Nikasema, "Hapana, sheikh. Namwozesha mwenyewe. Hapa hapa."

Sheikh akamtazama Mzee Mwinyihaji. Mzee akatikisa kichwa kukubali. Hotuba ya nikaha ikasomwa, dua ikasomwa, Hamadi akasogezwa dirishani, akapenyeza mkono wake wa kulia katikati ya nondo, nami nikaupokea kwa wangu kutoka garini. Sasa ili mkono ufike ilinibidi nijipinde, na nikijipinda tumbo hili (mnaliona) linaulalia usukani. Nikaanza, "Nimekuoza binti yangu..." na kabla sijalitaja jina, PIIIII! Honi ya gari lile si honi ya gari, ni ya meli. Ilitoka garini, ikaingia kwenye kipaza sauti, ikatokea kwenye spika, ng'ombe wakakata kamba.

"Rudia, bwana walii," sheikh akasema, "jina halikusikika."

Nikarudia. "Nimekuoza binti yangu Mwa..." PIIIII! Hapo hata watu wa safu ya nyuma walishindwa, mabega yakaanza kutikisika ndani ya nyumba ya Mungu, na Bakari, yule yule aliyenipimia, akalala kabisa kwenye mkeka kajifunika uso na kofia. Moyoni nikamwekea.

Mara ya tatu nikavuta tumbo ndani, nikavuta na pumzi, nikamshika Hamadi mkono kwa nguvu mpaka kijana akauma meno, nikasema polepole, "Nimekuoza binti yangu Mwanatumu, kwa mahari mliyoafikiana." Naye akajibu, "Nimekubali kumwoa."

Basi hapo ndipo vigelegele hulipuka. Nikatega sikio. Hakuna. Kimya kutoka nyumbani kwangu, kimya kichochoroni kote. Nikajua wanawake wa pande zote mbili wamekaa wanatazamana, hawajui wapige vigelegele au wagombane, wa upande wa Matuga wamekwisha kusikia wanavyotukanwa. Nimeiharibu harusi ya mwanangu kwa mdomo wangu na gari langu. Kile kimya sitakisahau, kilinichoma kuliko kicheko chote.

Ndipo Mzee Mwinyihaji akainuka, akaja dirishani, akakishika kipaza sauti. Nikafumba macho, nikasema leo nalipwa. Akasema, "Assalamu alaykum, kina mama. Mbona kimya? Nikaha imetimia, alhamdulillahi. Pigeni vigelegele upesi, mimi niko na haraka, nataka nilete kijigari changu cha kuku kije kumvuta mkwe wangu."

Kikapita kicheko huko nyumbani, nikakisikia kinaanza kwa mmoja kinaenea, kisha vigelegele, vigelegele hasa, vya pande zote. Nami nimekaa ndani ya gari nimefura kwa hasira, maana afadhali angenitukana! Mtu akikutukana unamjibu. Huyu amenisitiri mbele ya watu wote, nimjibu nini?

Na akaileta kweli. Ile pikapu ya wastani iliingia kichochoroni ikaja nyuma yangu bila kugusa ukuta wowote, watu wakashusha kabati na kitanda na godoro, wakafunga kamba, ikavuta. Gari langu likatoka linalia, rangi ya ubavu mmoja imebaki ukutani mwa msikiti na ya ubavu wa pili kwenye baraza, na mpaka leo zipo, nendeni mkaone. Nilipofungua mlango nikashuka, mtu wa kwanza niliyemwendea ni Bakari.

"Ulisema pima moja na shubiri moja!"

"Ndivyo ilivyo," akasema, "pima moja na shubiri moja."

"Na kichochoro pima moja na shubiri mbili! Nilipima mwenyewe!"

Bi Mwanamkasi, amesimama juu ya baraza yake iliyomeguka, kashika kiuno, akasema, "Hebu simameni hapa nyote wawili, mtanue mikono." Tukasimama kama watoto wa madrasa, tukatanua. Mikono ya Bakari ikanipita huku, ikanipita na kule, shubiri nzima na kitu kila upande. Bi Mwanamkasi akatutazama, akaingia ndani kwake akafunga mlango, na mimi nikabaki nimetanua mikono mbele ya ukoo mzima wa Matuga.

Wallahi nilitamani kuendelea kumgombeza Bakari, lakini alisema neno moja likanimaliza. "Shemeji, uliniambia nipime. Nipime kwa mikono ya nani, kama si yangu?"

Ile kubwa nimeiuza, kwa hasara, sisemi hasara gani, na nilirudi kwa yule kijana fundi kununua ya wastani nikiwa nimeshajiandaa kupigana akicheka. Hakucheka. Aliniuliza tu, "Mzee, umepima?" Nilitamani kumpiga hivyo hivyo.

Sasa kwa Tumu sikwenda mpaka mwezi ukapita. Nilikuwa naogopa, semeni mtakavyo. Nilipokwenda nilimkuta amekaa uani kwa mumewe, akaniandalia chai na mahamri, tukazungumza habari za mamake na za madafu, ya siku ile hayataji. Mwisho nikasema mwenyewe, "Mwanangu, uliniomba kitu kimoja."

Akachukua simu yake akaniambia, "Kuna mtu alirekodi yote, Baba, inazunguka mpaka Lunga Lunga. Mimi ya kwangu nimeikata. Ya kuku nimetoa, na za honi zote mbili nimetoa." Akaniwekea sikioni. Nikasikia sauti ya mtu mmoja, anatetemeka, amebana pumzi, anasema nimekuoza binti yangu Mwanatumu. Sikuijua kuwa ni yangu. Akaitoa simu akaniambia, "Hii ndiyo niliyotaka."

Nikatafuta wa kumkasirikia pale, nikakosa. Seremala yuko Ukunda, Bakari yuko Msambweni, Mwinyihaji ndiyo kwanza anaingia na kikombe chake kuniamkia. Nikageukia ukuta nikajifanya natafuta kofia.

Tangu siku hiyo nina tepu ya chuma mfukoni, hii hapa, na sipimi tena kitu kwa mkono wa mtu, wala wangu. Na kabla sijamtukana yeyote nageuka kwanza nitazame kama kuna dirisha.